Kila Shimo na Mwenyewe: Historia Fupi ya Ardhi Tuliyoichimba



Ni desturi ya kitabu hiki cha harambee kubeba makala moja ya historia. Tumekwisha kuandika habari za shule, za zahanati na za bomba la maji. Mwaka huu Kamati imetuomba tuandike habari za mashimo. Wapo waliocheka jambo hili lilipotajwa kwenye kikao, na hatuwalaumu. Lakini ombi kubwa la mwaka huu linahusu machimbo ya moramu, na haifai mtu afungue pochi kabla ya kujua tulikotoka.

Tuanze na jina lenyewe. Wazee wetu wanasimulia kuwa tembo alikwenda kunywa maji, tope likamshika, akazama asiweze kutoka. Walioliona jambo hilo wakasema kwa Kigogo "Idodomya", yaani pamezama. Wageni wakalitamka walivyoweza, ikawa Dodoma. Makao makuu ya nchi yetu, basi, yana jina la kuzama ardhini. Tulidhani hiyo ni hadithi ya tembo tu.

Visima vilivyokuwa na wenyewe

Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika Ugogo. Upande wa mashariki ilikuwa imevuka nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, na upande wa magharibi iliingoja Mgunda Mkali. Katikati palikuwa kwetu, na kwetu palikuwa na visima. Watemi wa Ugogo waliwatoza wapita njia hongo: vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871, alilalamika sana juu ya hongo hiyo katika maandishi yake.

Msafiri aliona uonevu. Ukitazama kwa jicho la mwenyeji utaona hesabu. Katika nchi inayopata mvua ya msimu mmoja tu, wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, kisima ni mali kubwa. Mtu alikichimba, akakizungushia miiba, akakisafisha kila kiangazi, na aliyetaka kunywa alijua wa kumwomba. Shimo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa na wajibu. Hilo ndilo somo la kwanza.

Reli, karanga na ardhi iliyogoma

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Reli hulala juu ya tuta, tuta hutaka udongo, na mataruma hutaka kokoto. Vyote hivyo huchimbwa mahali, na kwa kawaida mahali penyewe ni karibu na njia, maana kubeba udongo mbali ni gharama. Tangu hapo kila ujenzi mkubwa uliopita katika nyanda hizi ulichukua kitu chini ya miguu yetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja Mpango wa Karanga. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta matrekta na wataalamu Kongwa ili kulima karanga katika maeneo makubwa mno. Mvua za Kongwa zilikuwa za wasiwasi, na udongo wake wenye mfinyanzi ulikauka kiangazi ukawa mgumu kama sakafu, karanga zisichimbuke. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na hasara ya pauni zipatazo milioni 36 ikafutwa vitabuni. Wahasibu wanajua maana ya kufuta deni vitabuni: fedha haikurudi, ila watu wamekubaliana wasiiulize tena. Mashine zilitangulia, kipimo kikafuata nyuma. Hilo ni somo la pili: ardhi hupimwa kabla ya katapila kufika.

Kondoa, mahali ardhi iliporudi

Somo la tatu lipo Kondoa, na wengi wetu tulisikia habari zake utotoni. Vilima vya Irangi vilikuwa vimekatwa miti kwa miongo mingi, kwa kilimo, kwa kuni, na kwa kufyeka vichaka ili kuwafukuza mbung'o. Mifugo ilikuwa mingi. Mvua ilipopiga, udongo ukateremka na makorongo yakafunguka, mengine makubwa ya kumeza nyumba. Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tunaouita HADO. Matuta ya kukinga maji yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kula kila kilichoota. Mwaka 1979 ikatolewa amri: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256.

Tusilisimulie jambo hili kwa wepesi. Kwa mfugaji, kuambiwa ahamishe ng'ombe wake wote ni kama kuambiwa afunge akaunti yake ya benki leo hii. Familia ziligawanyika, watoto wakakosa maziwa. Lakini nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, na katika mabonde ya mchanga watu wakaanza kulima tena. Baadaye waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa kulishwa zizini.

Kondoa inatufundisha mambo mawili kwa pamoja. Ardhi iliyojeruhiwa hupona ikipumzishwa na kulindwa. Na gharama ya kuiponya, ikichelewa, huwaangukia watu wasio na hatia, tena kwa mara moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mji mkuu unajengwa kwa moramu

Mwaka huo huo wa 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya Serikali Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Kazi iliyokusudiwa kuchukua miaka kumi ilikwenda polepole kwa zaidi ya miaka arobaini. Kisha, Julai 2016, Rais John Magufuli akatangaza kuwa Serikali inahamia kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa inaeleza yaliyofuata: Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012, na mwaka 2022 walikuwa 765,179.

Watu hao wanahitaji nyumba na barabara. Ukaja Mji wa Serikali pale Mtumba. Ikaja reli ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma Julai 2024. Ikaja barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, na uwanja wa ndege wa Msalato. Tunajivunia yote haya, nasi tunaoishi mijini ndio wa kwanza kuyafurahia tunapokuja likizo. Ila lami unayoiona ni ngozi tu. Chini yake kuna kokoto, chini ya kokoto kuna moramu, na moramu hiyo jana ilikuwa chini ya shamba la mtu.

Shimo letu

Sasa tuzungumze ya nyumbani.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita mkandarasi aliyekuwa akitengeneza barabara alikuja kijijini kutafuta moramu. Hatutamtaja, kwa sababu makala hii haiandikwi kumshtaki mtu, na kwa sababu sehemu ya kosa ni yetu. Mwaka huu, tulipokuwa tukipanga mafaili ya zamani ya chama, tulikuta nakala ya makubaliano. Ni ukurasa mmoja. Upande wa tulichopokea umeandikwa vizuri: bati za madarasa mawili, mifuko ya saruji, meza na viti vya ofisi ya kijiji. Upande wa tulichotoa umeandikwa "moramu", bila kipimo. Mwishoni kuna sentensi moja kwamba mkandarasi "atarekebisha eneo baada ya kazi". Atalirekebisha lini, kwa namna gani, kwa fedha ipi, na nani atalikagua, hakuna. Chini yake zipo saini, na miongoni mwake ni saini za viongozi wa chama hiki.

Kambi ilivunjwa, mitambo ikaondoka, shimo likabaki. Kingo zake zilikuwa wima kama ukuta. Udongo mweusi wa juu ulikuwa umesukumwa ukachanganywa na mawe, na kilichobaki chini kilikuwa kigumu hata mchicha pori haukuota. Kifuku kilipofika likajaa maji. Wanyama wakaanza kunywa humo, kina mama wakafua, watoto wakaogelea.

Kifuku cha mwaka juzi mtoto wa darasa la tatu alizama humo. Jina lake hatuliandiki. Wazazi wake ni wanachama wenzetu na watakuwepo ukumbini. Wengi wetu tulichangia mazishi kwa simu, tukatuma pole katika kundi la chama, tukaendelea na kazi. Mzee mmoja ndiye aliyetuuliza msibani swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Shimo hili ni la nani?" Mkandarasi aliliona la kijiji. Kijiji kililiona la mkandarasi. Sisi wa mjini hatukuliona kabisa.

Bati za madarasa yale bado zipo, na watoto wanasoma chini yake. Hatusemi zilikuwa hasara. Tunasema hesabu iliandikwa upande mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari ni hivyo hivyo, ila lenyewe halipotei, hukaa likingoja.

Baadhi yetu ni wahasibu, na kwa kazi yetu tunajua kuwa kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 37 kinazitaka kampuni kuliandika deni la kurejesha ardhi tangu siku ile ardhi inapoharibiwa, siyo siku ya kuja kuifukia. Tumekuwa tukiwaandikia hivyo waajiri wetu kwa miaka. Kijijini kwetu hatukuandika.

Ombi lililo mezani

Sasa wenye malori wamekuja tena. Mji unakua kuelekea kwetu na moramu ya kwetu ni nzuri. Mkutano mkuu wa kijiji umejadili mara mbili. Upande mmoja unasema tuwaruhusu wachimbe walipe kwa tripu, fedha ipatikane upesi ya kumalizia bweni la wasichana. Upande mwingine unasema kusichimbwe hata koleo moja, na ukimtazama mama yule huwezi kuwabishia.

Kamati imeona njia ya tatu, nayo ndiyo tunayoiletea harambee hii: kijiji kichimbe chenyewe, kwa leseni yake na kwa mpango ulioandikwa, na fedha ya kufunga shimo itangulie kutengwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatoa leseni ndogo ya uchimbaji kwa Watanzania peke yao. Hudumu miaka saba na inaweza kuhuishwa, na kwa vifaa vya ujenzi eneo lake halizidi hekta tano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiachia ridhaa ya mkutano mkuu, siyo ya watu wachache ofisini, ndiyo iamue ugawaji wa ardhi. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka wajibu wa kuyatunza mazingira juu ya kila mtu. Vifungu havijakosekana nchini. Kilichokosekana kwetu ni wa kuvisimamia.

Je, inawezekana? Nje ya mipaka yetu upo mfano unaofahamika. Kaskazini ya Mombasa, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954 kwa kuchimba mawe ya matumbawe, kikaacha jangwa jeupe lenye chumvi. Mwaka 1971 bwana shamba wa kiwanda, Rene Haller, alijaribu miti ya aina 26 humo, na iliyostahimili ilikuwa michache. Mvinje ndio uliotamba. Majani yake yalipoanguka yalikataa kuoza, akaleta majongoo wayale, na taka zao zikawa udongo. Yakafuata mabwawa ya samaki, kisha wanyama. Leo ni Haller Park, na watoto wa shule hutembezwa humo.

Tusiige kwa upofu. Pwani ina mvua kuliko sisi, na mvinje siyo mgunga. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba mwenye shimo hakuondoka. Alikuwepo mwaka wa kwanza miti ilipokufa, akawepo mwaka wa pili kupanda mingine.

Mpango wenyewe

Kwanza, kupima. Yatachimbwa mashimo madogo ya majaribio kwa mistari, ili tujue moramu ina unene gani na imefunikwa na udongo kiasi gani, na sampuli zipelekwe maabara. Makorongo, makaburi, njia za mifugo na shule vitawekwa kwenye ramani, na machimbo yawe mbali navyo.

Pili, udongo wa juu. Tazameni hesabu hii. Hekta moja ikichimbwa kina cha mita tatu hutoa mita za ujazo 30,000, yaani tripu 3,000 za tipa la mita kumi. Udongo wenye rutuba, tukiuhesabu sentimita 20 za juu, ni mita za ujazo 2,000, sawa na tripu 200. Katika kila tripu kumi na tano zinazotoka humo, moja ni ya udongo unaolisha watu. Hiyo moja haiuzwi wala haichanganywi. Inarundikwa peke yake pembeni, rundo lisiwe refu mno, ikingoje kurudi.

Tatu, kuchimba kwa vipande. Hatutafungua hekta zote kwa pamoja. Kipande cha pili hakifunguliwi mpaka cha kwanza kianze kufungwa, na udongo unaotolewa hapa unapelekwa moja kwa moja pale. Juu ya machimbo utachimbwa mtaro wa kugeuza maji ya mvua.

Nne, kufunga. Tuseme ukweli: shimo halitajaa tena, kwa sababu moramu yake itakuwa chini ya barabara. Kurejesha ardhi maana yake ni kuipa umbo jipya lisiloua mtu. Kingo zitalazwa, kila mita moja ya kina iwe na mita tatu za mteremko, ili mtoto au ndama akiingia aweze kutoka kwa miguu yake. Sakafu itatifuliwa, udongo wa juu utarudishwa, nyasi na migunga ipandwe, na uzio wa miiba uzuie mbuzi kwa vifuku viwili au vitatu. Kondoa walitufundisha kuwa bila hilo la mwisho mengine yote ni bure.

Tano, daftari. Katika kila tripu inayouzwa kiasi kitakatwa na kuwekwa katika akaunti ya kufunga shimo, yenye watia saini kutoka kijijini na mjini. Taarifa yake itabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila robo mwaka. Fedha hiyo haigusi bweni, haigusi posho, haikopeshwi.

Na kabla ya hayo yote, shimo la zamani. Kamati imekubaliana kuwa hakuna koleo litakalopigwa kwenye eneo jipya mpaka lile la zamani lilazwe kingo. Upande wake wa chini utafanywa lambo la mifugo lenye njia ya kushukia, na upande wa juu utapandwa miti. Itakuwa kazi ya kwanza ya fedha ya harambee hii.

Tunachowaomba

Ndugu zetu, ni rahisi kuchangia kitu kinachoonekana. Darasa lina ukuta wa kubandika majina ya wafadhili. Mwaka huu tunawaomba mchangie upimaji, mpango, na kingo zilizolazwa, vitu ambavyo vikifanyika vizuri hakuna atakayeviona. Mchanganuo wa gharama upo ukurasa wa mwisho, pamoja na namba za akaunti ya chama. Kiwango ni uwezo wa mtu; haba na haba hujaza kibaba.

Kama harambee haitatosha, Kamati haitaomba leseni mwaka huu. Bweni litangoja, na tutawaeleza wasichana sababu yake. Tumeona afadhali kuchelewa kuliko kuweka saini nyingine kwenye ukurasa mmoja.

Wazee wetu waliviwekea visima vyao miiba na wakajulikana kwa majina. Swali la yule mzee bado halijajibiwa, nasi tumeamua kulijibu mbele yenu, wazazi wale wakisikia. Shimo lile ni letu.

Karibuni sana kwenye harambee.